Mkono wa Kinyozi Siku ya Jumanne

Kila asubuhi, kabla hajagusa kichwa cha mtu, kinyozi wa mtaa wetu hapa Geita huvuka barabara hadi kwa mama wa chapati, akamwomba amjazie kikombe cha chai mpaka ukingoni, kisha akarudi nacho dukani kwake kwa mkono wa kulia. Anatembea taratibu, macho mbele, pikipiki zikimpigia honi kushoto na kulia. Wageni wa mtaa humwona mroho. Wanasema mzee mzima hawezi hata kupunguziwa chai kidogo.

Mimi pia nilimwona hivyo kwa miaka mingi, mpaka siku moja nilipomuuliza.

"Mwalimu," akanijibu, "wewe kabla ya kuingia darasani si unaangalia chaki kama ipo? Basi na mimi naangalia mkono kama upo."

Chai ikifika salama, siku hiyo anashika wembe. Ikimwagika, hata tone, anatumia mashine ya umeme tu, na wazee wanaotaka ndevu zao ziondolewe kwa wembe huambiwa warudi kesho. Hawaambiwi sababu. Huambiwa wembe umekwenda safari.

Nimemwita kinyozi kwa sababu hakuna anayemwita vinginevyo. Mkewe humwita Baba Zuhura, basi. Sisi wengine, kuanzia imamu mpaka wachimbaji wanaotoka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, wakiwa weupe kwa vumbi la mawe, tunasema Kinyozi, na yeye huitika kana kwamba mjini hakuna mwingine. Wapo kumi na zaidi. Wana vioo virefu na taa za rangi. Yeye ana kiti kimoja, kioo chenye ufa, na ulimi.

Ulimi huo una sheria zake. Kadiri mtu alivyo mkubwa, ndivyo anavyoambiwa maneno makavu. Nimemsikia akimwambia mnunuzi wa dhahabu, mtu anayeogopwa na mtaa mzima, "Inamisha kichwa, bwana, hicho hakijapanda bei." Lakini mtoto mchanga humwamkia kwa heshima. Katika nyumba za Waislamu za mtaa wetu, siku ya saba mtoto hunyolewa nywele alizozaliwa nazo, na kwa muda wote ninaoukumbuka kazi hiyo ilikuwa yake. Alimnyoa binti yangu, Rukia, akiwa na ukubwa wa mkate. Huloweka utosi kwa maji ya uvuguvugu, hushika wembe mpya kwa vidole vitatu, na huzungumza na mtoto kama mtu anayeomba kibali ofisini.

"Samahani, bwana mkubwa. Nimetumwa tu. Wakubwa zako ndio wenye neno na nywele zako, mimi sina."

Hajawahi kumkwaruza hata mmoja. Hilo ndilo jambo pekee ambalo sijamsikia akijisifia, na ndiyo maana nilijua kuwa linamgusa.

Sasa niseme kuhusu samaki, maana ndiko matatizo yalikotokea.

Jumatatu Kinyozi hafungui duka. Anasema watu wameshanyolewa kwa ajili ya Ijumaa na Jumapili, kwa hiyo Jumatatu mjini hakuna nywele. Hupanda basi la alfajiri kwenda Chato, ziwani, akiwa na koti lake jeupe la kazi na mfuko mrefu wa turubai. Ndani ya mfuko kuna ufito wa kuvulia, mrefu kumpita yeye, wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi. Aliachiwa na mgeni mmoja aliyekuja kupima miamba, ambaye Kinyozi alimnyoa kwa miaka miwili. Mgeni alipoondoka alimpa ufito pamoja na samaki wa bandia watatu, akamwonyesha namna ya kutupa. Wale samaki watatu walipotelea ziwani mwaka wa kwanza. Tangu hapo Kinyozi huchonga wa kwake kutokana na mipini ya majembe iliyovunjika, na huwapaka rangi ya kucha ya mkewe. Mama Zuhura huinunua kwa siri, nayo huisha kwa siri.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona uvuvi wa namna hii, nieleze kidogo, si mgumu. Wavuvi wa Chato hutumia nyavu, au migonzo, yaani kamba ndefu yenye ndoana nyingi, na hupumzika huku mtego ukifanya kazi. Kinyozi hana mtego. Yeye husimama juu ya jiwe, hurusha samaki wa mti mbali awezavyo, kisha humvuta kwa kukunja mshipi ili aonekane kama samaki mgonjwa anayeogelea. Anatafuta sangara mkubwa, na sangara mkubwa hana haraka. Anaweza kumtazama samaki wa mti mara mia bila kumgusa. Kwa hiyo unatupa, unavuta, unatupa, unavuta, kuanzia jua linapotoka mpaka basi la kurudi. Kinachomchosha mtu si samaki. Ni kutupa.

Wanawake wanaoanika dagaa pale mwaloni, ufukweni samaki wanakoshushwa, walimcheka sana mwanzoni.

"Babu, unampiga nani na hiyo fimbo?"

"Naliamsha ziwa."

"Na limeamka?"

"Bado linajinyoosha."

Akipata samaki, hamli. Hapendi samaki. Anasema wana mifupa mingi kwa mtu mwenye maneno mengi kama yeye. Humgawa yule sangara palepale mwaloni, kisha anarudi Geita mikono mitupu, na Jumanne ndiyo samaki huanza kukua. Asubuhi anakuwa na urefu wa mkono. Kufika adhuhuri amefika kiunoni mwa mtu. Ukibisha ukiwa kwenye kiti, umefanya kosa, kwa sababu atasimamisha kazi upande mmoja wa kidevu ukiwa umenyolewa na mwingine bado.

"Umesema haiwezekani?"

"Nimesema ni mkubwa mno, Kinyozi."

"Basi nenda nyumbani ukafikiri. Ukikubali utarudi."

Watu hukubali. Hakuna anayeweza kupita sokoni na nusu ya ndevu. Na ajabu ni kwamba mtu huyuhuyu, kwenye jambo jingine lolote, hasemi uongo hata wa adabu. Ukimuuliza kama umezeeka, atakuambia umezeeka, na atakuonyesha wapi.

Basi miaka ikaenda, na mkono nao ukaenda. Dalili ya kwanza aliipata yule yule mnunuzi wa dhahabu. Ilikuwa Jumanne. Alikuwa anakwenda Kishapu kupeleka posa, akataka masharubu yapunguzwe kidogo pembeni. Chai ilikuwa imemwagika asubuhi ile, lakini Kinyozi akajiambia kuwa masharubu si mtoto mchanga. Akakata kulia, akaona kushoto kumezidi. Akakata kushoto, kulia kukazidi. Aliendelea kusawazisha mpaka pakawa sawa kabisa, kwa sababu hapakuwa na kitu. Kule Kishapu wajomba wa binti waliitazama picha waliyotumiwa, wakamtazama mgeni, wakaulizana kwa Kisukuma kama huyu ni yeye au ni mdogo wake. Posa ilikubaliwa. Bibi harusi alisema afadhali hivyo, na mpaka leo bwana yule huja kila Ijumaa kunyolewa mdomo wa juu. Kinyozi husema ndoa ile ni kazi ya mikono yake.

Tulicheka wote. Hatukujua kuwa mara ya pili haitachekesha.

Mara ya pili ilikuwa kwa mama wa chapati. Mwanawe alikuwa amepata mtoto, na siku ya saba iliangukia Jumanne. Asubuhi Kinyozi akavuka na kikombe chake kama kawaida. Jana yake alikuwa ametupa tangu alfajiri mpaka basi lilipopiga honi. Alifika katikati ya barabara, chai ikamwagikia vidole. Mama wa chapati alikuwa amesimama mlangoni kwake. Kumbe miaka yote alikuwa anajua maana ya kile kikombe.

"Leo imemwagika, Kinyozi," akasema.

"Nimeiona."

Alikwenda hata hivyo, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Nilikuwapo. Alinawa, akaketi kwenye mkeka, akapakatishwa mtoto, akachukua wembe. Kisha akautazama ule wembe. Ncha yake ilikuwa inacheza kidogo sana, kama unyoya wa kuku kwenye upepo usiouhisi. Akauweka chini.

"Mama, tafuteni mtu mwingine," akasema, akamrudisha mtoto. Kwa mara ya kwanza hakumwambia mtoto neno lolote.

Baada ya siku ile nyumba nyingine nazo zikaanza kutafuta mtu mwingine. Hakuna aliyemtukana. Walimwamkia, wakanyoa ndevu kwake, wakasikiliza samaki wake. Lakini watoto wachanga walikwenda kwa kijana wa kule stendi, mwenye mashine. Mama Zuhura akamwekea sharti.

"Baba Zuhura, chagua. Ama ufito, ama wembe."

"Umesahau la tatu."

"La tatu lipi?"

"Bado silijui. Ningekuwa nalijua ningeshalitaja."

La tatu lilikuwa kwangu, nyuma ya mlango.

Wakati huo nilikuwa nimegongwa na pikipiki, nikavunjika mguu, hospitali ikanipa magongo mawili ya kutembelea. Yalikuwa ya ile aina isiyofika kwapani. Yana kishikio cha kiganja, na juu yake kipande kinachopanda hadi kwenye bangili pana ya plastiki, iliyo wazi mbele, ambayo hukumbatia kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo. Kinyozi alikuja kunijulia hali. Akaketi, akanipa pole, na kuanzia hapo hakunitazama tena.

"Maumivu vipi?" akauliza, akiyaelekea magongo.

"Yanapungua."

"Na yanakaza hapa juu? Hayakuchubui?"

"Mguu?"

"Ee, mguu pia."

Akaanza kuja kila siku mbili. Alininyoa nyumbani bure, jambo ambalo halijawahi kutokea kwa mtu aliye hai. Kila mara alitaka kujua daktari amesema nitayaacha lini. Nilipomwambia wiki sita, alisikitika.

"Madaktari siku hizi wanapenda kuongeza," akasema. "Mtu kama wewe, mwenye mguu mzuri wa pili, anahitaji gongo moja tu. La pili linakudekeza."

Ndipo nilipomtaka aseme ukweli. Akausema wote, kwamba analitaka gongo kwa ajili ya ufito, pamoja na ule wa mjukuu wa mama wa chapati, na safari hii hakuongeza urefu wa kitu chochote.

Mimi nafundisha fizikia, kwa hiyo nilimpa ufagio. Nawe msomaji unaweza kujaribu, chukua ufagio wenye mpini mrefu, nitakusubiri. Ushike karibu na mwisho wa mpini kwa mkono mmoja, uunyooshe mbele yako. Unahisi kifundo cha mkono kinavyolalamika? Uzito uko mbali, na kifundo peke yake kinauzuia usianguke. Sasa sogeza mkono mbele kidogo ili mwisho wa mpini upite chini ya kigasha chako, uguse karibu na kiwiko. Mbele inapotaka kushuka, nyuma inataka kupanda, na ikipanda inakutana na mfupa wa mkono, na mfupa hauchoki. Kifundo kinapumzika. Hiyo ndiyo siri nzima ya yale magongo, na ilikuwa siri aliyoitafuta. Kosa lake halikuwa uzee. Ufito wake ulikuwa mfupi upande wa nyuma.

Alisimama uani kwangu na ufagio chini ya mkono kwa muda mrefu sana. Mke wangu, Mama Rukia, aliporudi sokoni akadhani amekuja kufagia.

"Acha, Kinyozi, nitafagia mwenyewe."

"Hapana, shemeji, nashika tu."

Jioni ile gongo moja liliondoka. Nilitembea na lililobaki, nikiwa nimelalia upande kama mkokoteni wenye tairi moja bovu, na mguu ulipona wakati uleule daktari aliosema.

Fundi baiskeli wa jirani alilikata gongo chini ya kishikio, akalifunga kwenye mwisho wa ufito kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani. Hapo likafanyika kosa ambalo nadhani lingefanyika kwetu tu. Fundi huyu amefunga magunia ya mkaa kwenye baiskeli maisha yake yote. Gunia la mkaa linatoka porini, linapita makorongo, na likilegea ni hasara. Kwa hiyo anajua kufunga fundo la aina moja, lile ambalo halifunguki. Alfajiri ya Jumatatu, Kinyozi akielekea kwenye basi, fundi aliona bangili iko wazi mbele, akaihurumia, akaufunga mkono wa Kinyozi humohumo kwa mpira.

"Sasa hautoki," akasema kwa fahari. Na kweli.

Siku hiyo Kinyozi akatupa tangu asubuhi bila kuchoka, akafurahi, akaimba. Mchana sangara akala. Alikuwa mkubwa, na hapa nimeulizia kwa watu wengine. Alivuta, na kila alichovuta alikivuta pamoja na Kinyozi. Mvuvi mmoja aliyekuwa anashona wavu akapaza sauti.

"Bhabha, achia ufito."

"Nimeuachia. Wenyewe ndio haujaniachia."

Aliingia majini kwa koti lake jeupe, magotini, kiunoni, akishikilia kofia kwa mkono wa kushoto. Wanaume watatu wakamkamata mkanda wakamrudisha nchi kavu, na sangara akaja nyuma yake. Mwaloni wanasema siku ile samaki ndiye aliyekuwa anavua. Ukiunda kitu kama hicho, tafadhali acha bangili wazi. Ishikilie mkono wakati wa kazi, iuachie wakati wa hatari. Fundi aliukata ule mpira jioni, Kinyozi aliporudi Geita, na alifanya hivyo kwa huzuni.

Faida nyingine ilijitokeza bila kutarajiwa. Mzee mwenye kipande cha gongo kinachochungulia kwenye mfuko hupishwa kiti kila mahali. Mwaloni walimletea kigoda.

"Kaa, babu. Pole na mguu."

"Ahsante, mwanangu. Unaendelea vizuri."

Nilimwambia huo ni uongo. Akaniuliza ni neno gani hapo lisilo la kweli. Mguu wake kweli ulikuwa unaendelea vizuri, ulikuwa haujawahi kuumwa.

Chai ikaacha kumwagika. Jumanne baada ya Jumanne nilimwona akivuka barabara, kikombe kimejaa, vidole vikavu. Lakini mtaa ukishaamini jambo hauliachi kwa sababu ya kikombe. Watoto wachanga wakaendelea kwenda stendi. Kinyozi hakulalamika. Aliendelea kununua wembe mpya wa watoto kila mwezi, akauweka kwenye droo, na mwisho wa mwezi akauhamishia kwa wenye ndevu.

Mwezi uliopita Rukia alikuja kwetu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Akapata mvulana. Siku ya saba, nadhani umeshakisia, iliangukia Jumanne.

"Wa stendi," akasema Mama Rukia.

"Kinyozi," nikasema.

"Jana nimemwona anashuka kwenye basi la Chato na lile dude lake. Kwa hiyo mjukuu wangu ndiye wa majaribio?"

Rukia ndiye aliyekata shauri. Alisema kichwa chake mwenyewe kilinyolewa na mzee yule na bado kipo.

Kinyozi alikuja saa nne, amevaa kanzu, hana mzaha usoni. Majirani walikuwa wamekaa uani, na miongoni mwao mama wa chapati na chupa yake ya chai. Alimwamkia Mama Rukia, akaniamkia mimi, kisha akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya yule mama.

"Nijazie."

Mama wa chapati akamtazama. Akachukua kikombe, akamimina mpaka ukingoni, akangoja povu litulie, akaongeza kidogo tena. Chai ilikuwa imevimba juu ya kikombe. Kinyozi akakipokea kwa mkono wa kulia, akaelekea lango la ua. Watu wote uani wakageuza shingo kumfuata, hata waliokuwa hawajui kinachopimwa. Akafika langoni, akageuka. Kuku akampita miguuni. Akasimama, akamsubiri kuku amalize shughuli zake, akaendelea. Alipofika alimrudishia mama wa chapati kikombe. Yule mama akapitisha kidole chini ya kitako cha kikombe, akakitazama kile kidole.

"Haijamwagika," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Mwanangu ana mimba nyingine. Ya miezi mitano."

"Siku ya saba nipo," akasema Kinyozi.

Akanawa, akaketi, akapakata mjukuu wangu. Wembe haukucheza.

"Samahani, bwana mkubwa," akamwambia. "Mama yako naye alinitazama hivihivi."

Alipomaliza, mtoto alikuwa amelala na kichwa kinang'aa. Nilikichukua kile kikombe ili nimpelekee mnyoaji chai yake kwa heshima, nikaimwagia yote kwenye kanzu yangu. Mama Rukia akasema nisimguse mtoto mpaka nipimwe. Kinyozi akanisogelea akifuta mikono.

"Mwalimu, lile la pili bado liko nyuma ya mlango?"

"Lipo. La nini tena? Unatupa kwa mkono mmoja."

"Si langu. Ni lako. Nimepata ufito wa pili, na huo mkono wako umeuona mwenyewe."

Nikamwambia mimi nina vipindi Jumatatu. Akaniambia shule zimefungwa, amechungulia.

Ninaandika haya Jumapili. Fundi baiskeli ameshalikata gongo, na nimemsimamia mpaka mwisho ili asifunge kitu kwenye bangili. Limesimama tena nyuma ya mlango, fupi kuliko lilivyokuwa. Mama Rukia bado hajaliona, na basi linaondoka alfajiri.